Manyunyu na Umeme: Somo la Mto Kihansi



Mada niliyopewa ni kubwa: athari za sayansi na teknolojia kwa maumbile na kwa ustawi wa binadamu. Mtu anaweza kuzunguka nayo dunia nzima na kurudi mikono mitupu. Kwa hiyo naomba ruhusa yenu nikae mahali pamoja. Nitawapeleka kwenye korongo moja la milima ya Udzungwa, kwenye mto mmoja, na kwa kiumbe mmoja mdogo kiasi cha kukaa juu ya kidole gumba chako na nafasi ikabaki.

Lakini kabla ya korongo, naanza na taa.

Katika miaka ya tisini, wakati wa mgawo wa umeme, dada yangu alishikwa na uchungu usiku. Tulimfikisha zahanati, na zahanati ilikuwa giza tupu. Mkunga aliibana tochi kati ya shavu na bega, mikono yote miwili ikiwa kazini. Betri zilikuwa zinaisha. Kila mwanga ulipofifia, mama yangu aliichukua tochi, akazitoa betri, akazing'ata kwa meno moja baada ya nyingine ili zitoe chembe ya mwisho ya nguvu, akazirudisha. Mtoto alizaliwa salama alfajiri. Leo ni mtu mzima. Hata hivyo sijaisahau sauti ya yale meno juu ya betri, na kila nikisikia mtu akiizungumzia teknolojia kama adui wa binadamu, huisikia upya.

Nawaeleza haya ili mjue nasimama wapi. Sitaki turudi kwenye kibatari. Ninachotaka tujiulize ni hiki: mwanga ule uliochelewa kumfikia dada yangu ulipokuja, ulitoka wapi, na nani alilipia?

Mapipa matano ya maji

Mto Kihansi unatokea nyanda za juu upande wa Mufindi. Ukifika ukingoni mwa milima, unaanguka. Katika mwendo mfupi sana maji yanashuka zaidi ya mita 800, hadi yanapopumzika kwenye tambarare ya Kilombero.

Kwa mhandisi wa umeme wa maji, anguko la namna hiyo ni hazina. Hahitaji bwawa la kumeza mabonde, wala hahitaji kuhamisha vijiji na makaburi ya watu. Anajenga ukuta wa wastani juu ya korongo, ule wa Kihansi una kimo cha mita 25 hivi, anachimba handaki ndani ya mwamba, na anaweka mitambo chini. Ndivyo ilivyofanyika. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia na msaada wa wafadhili wengine, wakiwemo Norway na Sweden, kituo cha Kihansi kilijengwa kuanzia katikati ya miaka ya tisini, kikaanza kuzalisha mwishoni mwa 1999 na mwanzoni mwa 2000. Kina mitambo mitatu ya megawati 60 kila mmoja, jumla megawati 180. Kwa nchi iliyokuwa imechoshwa na mgawo, hiyo ilikuwa nafuu kubwa.

Naomba tufanye hesabu ndogo pamoja. Chukueni mapipa matano ya lita mia mbili mbili, yaani mita moja ya ujazo ya maji. Yamimineni kwenye handaki la Kihansi. Yakifika chini na kuzungusha mtambo, mapipa hayo yametoa uniti mbili hivi za umeme, uniti zilezile tunazonunua kwa luku. Uniti mbili zinaweza kuwasha taa ndogo ya chumba cha kujifungulia kwa siku kadhaa, mchana na usiku.

Sasa yamimineni mapipa hayohayo nje ya handaki, yashuke korongoni kama yalivyoshuka tangu enzi. Hayatoi uniti hata moja. Yanagonga mwamba, yanapasuka, yanapepea. Yanatoa manyunyu.

Kwa macho ya mpango wa umeme, manyunyu hayo yalikuwa maji yanayopotea bure. Hakuna aliyewahi kuandika popote kwamba yana mwenyewe.

Mwenyeji wa korongo

Mwaka 1996, ujenzi ukiwa tayari unaendelea, watafiti waliotumwa kufuatilia mazingira ya mradi walishuka korongoni, mahali ambapo tathmini za awali hazikufika kwa sababu ya ugumu wa njia. Kandokando ya maporomoko walikuta vipande vya ardhi vilivyolowa mwaka mzima, vimefunikwa na kuvumwani na majani laini, vikitikiswa na upepo wa maji. Katika majani yale walimkuta chura ambaye sayansi ilikuwa haijawahi kumwandika.

Mtazameni kwa karibu. Ni wa manjano ya dhahabu. Jike kubwa halifikii sentimita tatu, na dume ni dogo zaidi. Ngozi ya tumbo lake ni nyembamba mno, hata ukimgeuza unaona utumbo wake kama kivuli nyuma ya pazia. Hatagi mayai kama vyura tuliowazoea madimbwini. Anazaa. Watoto wanatoka tumboni wakiwa vyura kamili, kila mmoja sawa na punje ya mchele. Ukikumbuka anapoishi unaelewa sababu: kwenye mteremko unaopigwa na maji usiku na mchana hakuna dimbwi tulivu la kulelea viluwiluwi, basi mama amekuwa dimbwi mwenyewe.

Wataalamu, miongoni mwao John Poynton na Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walimpa jina la kisayansi Nectophrynoides asperginis. Neno la pili limetokana na Kilatini, na maana yake ni manyunyu. Huyu ndiye mwenyewe wa yale maji yaliyohesabiwa kuwa yanapotea. Eneo lake lote, hapa duniani, lilikuwa hekta mbili hivi. Hazijai viwanja vitatu vya mpira.

Kituo kilipoanza kazi, sehemu kubwa mno ya maji ya mto, karibu asilimia 90, iliingia handakini. Korongo likanyamaza. Vipande vile vya ardhi vilikauka, mimea ya majimaji ikaanza kusongwa na magugu ya nchi kavu, na vyura wakajibanza kwenye sehemu chache zilizobaki na unyevu.

Hapo teknolojia iliitwa kuja kutibu kidonda ilichokitia yenyewe. Mabomba yalitandazwa korongoni, yakafungwa vinyunyizio vidogo, maji yakashushwa kwa mteremko ili kuigiza manyunyu yaliyokatika. Na mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walikusanywa, wakasafirishwa hadi bustani ya wanyama ya Bronx huko New York, iwe akiba endapo korongo litashindwa.

Vinyunyizio vilisaidia. Kufikia katikati ya 2003, makadirio yalionyesha vyura karibu 20,000 korongoni. Watu walipumua. Kisha, ndani ya miezi michache, wakapukutika. Mwanzoni mwa 2004 waliopatikana walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Katika mizoga ilionekana kuvu hatari inayoshambulia ngozi ya vyura, iliyokwisha kuangamiza jamaa zao katika mabara mengine. Katika kipindi hichohicho mchanga na tope vilikuwa vimefunguliwa kutoka bwawani, vikiwa na mabaki ya viuatilifu vya mashamba ya juu. Wanasayansi hawajakubaliana uzito wa kila sababu. Wanakubaliana kwamba kiumbe aliyekwisha banwa kwenye kipande kidogo cha makazi ya kuigiza hana pa kukimbilia balaa jingine likija. Mwaka 2009 alitangazwa rasmi kuwa ametoweka porini.

Walio Marekani nao walikaribia kwisha. Walikufa kwa vimelea, kwa upungufu wa mwanga unaofaa, kwa chakula kisichowatosheleza, mpaka wakabaki wasiofika mia moja. Watunzaji wa bustani za wanyama za Bronx na Toledo walijifunza polepole: taa gani, unyevu kiasi gani, wadudu wa ukubwa gani. Idadi ikapanda tena hadi maelfu. Mwaka 2010 vyura 100 walirudi nyumbani, kwenye maabara iliyoandaliwa kwa ajili yao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2012 takriban 2,500 walirudishwa korongoni Kihansi. Inatajwa kuwa ni mara ya kwanza duniani kwa jamii ya chura iliyotangazwa kutoweka porini kurudishwa kwenye makazi yake. Kazi hiyo haijaisha, maana kuvu bado imo korongoni, na kuwaachia vyura ni hatua moja tu. Hatua inayofuata ni wao wenyewe kuzaliana na kudumu.

Chura ana faida gani?

Vyura hao walipopelekwa ng'ambo, maneno yalisemwa barabarani, kwenye daladala na hata kwenye kumbi za heshima. Jirani yangu mmoja, mtu mwema, aliniambia: "Mwalimu, chura amepanda ndege. Mimi sijawahi kukanyaga hata uwanja wa ndege." Watu walicheka. Lakini ndani ya maneno yake kuna swali la haki linalostahili jibu lililo wazi: nchi yenye zahanati zisizo na taa inawezaje kugharimia chura?

Nitajibu kwanza kwa kahawa. Watafiti waliokuwa wakizunguka korongo lile la chura walikuta pia aina ya mbuni mwitu. Mwaka 2004 uliandikwa rasmi katika sayansi kwa jina la Coffea kihansiensis. Hakuna aliyekwenda Kihansi kutafuta kahawa. Familia ngapi za Kagera, Kilimanjaro, Mbinga na Mbozi zimesomesha watoto kwa kahawa? Mibuni ya shambani inapopigwa na ugonjwa au ukame, wazalishaji wa mbegu hugeukia ndugu zake wa mwituni kutafuta ukinzani. Sisemi kwamba mbuni wa Kihansi utaiokoa kahawa yetu. Nasema kwamba tulikuwa karibu kuukausha kabla hatujajua upo.

Jibu la pili ni la chura mwenyewe. Katika miaka ya thelathini ya karne iliyopita, mwanasayansi Lancelot Hogben, aliyekuwa amefanya kazi Cape Town, alichangia ugunduzi kwamba chura mmoja wa kusini mwa Afrika anaweza kupima mimba. Anadungwa mkojo wa mwanamke, na mwanamke akiwa mjamzito, chura hutaga mayai ndani ya saa chache. Kwa zaidi ya miaka ishirini wanawake wa Ulaya na Marekani walipata habari za mimba zao kupitia chura wa Afrika. Kama mtu angeuliza mwaka 1920 chura yule ana faida gani, angejibiwa hana.

Lakini habari hiyo ina upande wa pili, na si haki niufiche. Vyura hai walianza kusafirishwa kwa wingi baina ya mabara, kwa ajili ya maabara, kwa chakula, kwa kufugwa majumbani. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2018 unaonyesha kwamba kuvu inayowaua ilianzia Asia Mashariki, ikasambaa duniani katika karne ya ishirini, na biashara hiyo ya vyura hai ndiyo inayobebeshwa lawama kubwa. Mikono iliyomsaidia mama ikafungua njia ya ugonjwa. Hakuna aliyekusudia. Walichokosa ni mtu wa kuuliza mapema: pamoja na chura, kisanduku hiki kimebeba nini kingine?

Na jibu la tatu ni fupi. Kiumbe huyu alikuwepo kabla ya mtambo na kabla yetu. Aliyemweka pale hakutuomba ushauri. Sisi tuliopewa akili ya kugeuza mto tumepewa pia akili ya kuuliza nani anaishi ndani yake, na atakayetumia akili ya kwanza peke yake ametumia nusu ya amana.

Kipimo na zege

Wapo wanaosema habari ya Kihansi inaonyesha ubaya wa teknolojia. Wapo wanaosema inaonyesha ushindi wake, kwa kuwa chura amerudi. Mimi naiona ni habari ya mpangilio, ya kipi kilitangulia na kipi kilifuata.

Fundi cherehani anajua. Hushika futi kwanza, mkasi baadaye. Kihansi tulishika mkasi kwanza. Fedha zilikuwa zimeshapatikana, mikataba imeshasainiwa, handaki limeanza kuchimbwa, ndipo mtaalamu wa viumbe akashushwa korongoni kwenda kuangalia kuna nini. Sayansi ilikuwepo tangu mwanzo, tena sayansi ya hali ya juu: ya mwamba, ya zege, ya mtiririko wa maji, ya sumaku na nyaya. Iliyochelewa ni sayansi ya uhai. Na ilipofika imechelewa, haikuwa na kazi nyingine iliyobaki isipokuwa kufunga mabomba, kukodi nafasi kwenye ndege na kuhesabu mizoga.

Kama korongo lingepimwa kabla, tusingelazimika kuchagua kati ya taa na chura. Tungejua mapema kiasi cha maji kinachopaswa kuachwa, tukapanga mitambo, bei na madeni kwa kukizingatia. Leo kibali cha maji cha kituo kile kinataka sehemu ya mto iachwe ishuke korongoni. Kila mita moja ya ujazo kwa sekunde inayoachwa hivyo ni takriban megawati saba na nusu ambazo hatuzipati. Hizo ni taa nyingi, na sitaki kuificha hesabu hiyo. Lakini gharama inayojulikana kabla ya ujenzi hupangwa kama bajeti nyingine yoyote. Ikigunduliwa baadaye, inakuja kama msiba.

Tumejifunza kiasi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka Tathmini ya Athari kwa Mazingira ifanyike kabla mradi haujaanza. Hilo ni jema sana. Swali linalobaki tujiulize sisi wa vyuo, maana tathmini hizo zinaandikwa na wanafunzi tuliowafundisha: je, mtaalamu anashuka korongoni, au anaishia pale barabara inapoishia? Chura wa Kihansi alikuwa ng'ambo ya mwisho wa barabara.

Juu ya mto, chini ya mto

Kabla sijamaliza, naomba tupande mto, kisha tushuke nao.

Huko juu, wakulima wa nyanda za Iringa wana vinyungu, yaani bustani za mabondeni zinazolimwa kiangazi kwenye unyevu unaobaki. Mahindi mabichi, maharage na mboga za kinyungu ndizo ada ya shule na dawa ya mtoto. Kandokando ya vyanzo vya maji wengine wamepanda mikaratusi, kwa kuwa ina soko, ingawa inakunywa maji kwa pupa. Viuatilifu vinavyopulizwa kwenye nyanya vinateremka na mvua hadi mtoni. Ni rahisi kumnyooshea kidole mkulima huyo. Lakini yeye ndiye mlinzi wa kwanza wa maji ya mtambo, na kwa miaka mingi katika nchi yetu nguzo za msongo mkubwa zilipita juu ya mashamba ya watu ambao usiku waliendelea kuwasha vibatari. Huwezi kumwambia mtu atunze chanzo cha mwanga asiouona. Umeme ukimfikia, na mtaalamu wa kilimo akimfikia pia kumwonyesha kipimo sahihi cha dawa na mti unaofaa kupandwa karibu na kijito, ulinzi wa mto unakuwa jambo lake.

Chini nako, Kihansi huingia Kilombero, na Kilombero ndio unaoipa Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake. Maana yake ni kwamba maji yaliyotoka kwenye mitambo mitatu ya Kihansi yanakwenda kukutana na mitambo tisa ya Bwawa la Mwalimu Nyerere, yenye uwezo wa megawati 2,115. Na ng'ambo ya bwawa hilo wapo watu wa Rufiji waliozoea kilimo cha mlau, kupanda kwenye ardhi iliyoachwa na mafuriko, tope likiwa ndiyo mbolea. Mbele yao iko delta, mikoko yake na kamba wanaokua mahali maji ya mto yanapochanganyika na ya bahari. Bwawa linaleta umeme ambao taifa linauhitaji kweli, na linaweza kupunguza mafuriko yanayobomoa nyumba. Linaweza pia kulizuia tope linaloilisha ardhi ya mlau na delta. Kipimo cha lini maji yafunguliwe, kwa wingi gani na kwa muda gani, kinapaswa kuwekwa kwa kumsikiliza mkulima wa mlau na mvuvi wa delta sawasawa na msimamizi wa gridi. Kihansi ilitufundisha kwa hekta mbili. Rufiji ni pana mno kwa kujifunza tena kwa njia ileile.

Kwa hiyo, wanafunzi wangu, mtakaokuwa wahandisi: kabla ya kuchora ukuta, nendeni mkalale usiku mmoja mahali utakaposimama, msikilize nani analia gizani. Na ninyi mtakaokuwa wataalamu wa viumbe, jifunzeni hesabu za umeme, ili mtakapoomba maji yaachwe mjue mnamwomba nani taa yake, na mwombe kwa heshima.

Nimalizie Mlimani, kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako vyura wa Kihansi wamelelewa katika masanduku ya vioo. Humo ndani hakuna maporomoko. Kilichowaweka hai, tangu Bronx hadi hapa, ni taa zinazowashwa kwa saa maalumu na ukungu wa maji unaotengenezwa kwa mashine. Mto uliwapa manyunyu bure kwa maelfu ya miaka. Tuliyachukua tukayageuza umeme, na sasa tunatumia umeme kuwatengenezea manyunyu.

Nikiyawazia masanduku hayo humkumbuka mama yangu na betri zake mdomoni, akitafuta chembe ya mwisho ya mwanga kwa ajili ya mtoto ambaye hajazaliwa. Ndani ya kioo, chura mdogo wa manjano naye hubeba tumboni watoto walio sawa na punje za mchele. Wote wawili wanasubiri kitu kilekile kutoka mto uleule, na maji yanatosha kwa wote tukikubali kuyapima kabla ya kuyagawa.